Uzoefu wangu: kaunti za Uingereza na Sheffield Shield, msimu mzima kwenye simu

Ubishi wa wikendi, ligi ipi ya kriketi ni ngumu zaidi, ndio ulionituma. Kwenye timu yetu ya kriketi hapa Nairobi kuna wazee wanaoapa kwa kaunti za Uingereza, yaani ligi ya timu za majimbo ya huko, labda kwa sababu Collins Obuya, Mkenya mwenzetu, alichukuliwa na kaunti ya Warwickshire baada ya Kombe la Dunia la 2003. Vijana nao hawasikii lolote ila Sheffield Shield, ligi ya timu za majimbo ya Australia. Nikaamua kutazama zote mbili. Huonyeshwa bure mtandaoni, gharama yako ni bando tu.

Saa za kaunti hazimtesi mtu: saa saba mchana kwetu mpira wa kwanza unarushwa, na watangazaji wa redio wanakusimulia hata ukiwa kazini umeficha simu. Shield ikichezwa Adelaide, unaamka majogoo bado wamelala. Perth ndiyo nafuu. Kuna kaunti moja, jina naliacha, picha yake iliganda mrushaji akiwa mguu juu. Iliporudi wiketi mbili zilikuwa zimeshaanguka, yaani wapigaji wawili wametolewa.

Sasa nguvu yenyewe. Australia ina timu 6 za wachezaji 11, yaani raundi nzima inahitaji wachezaji 66. Kaunti ziko 18, katika madaraja mawili, wachezaji 198. Ndiyo maana kwenye Shield mpigaji hapati mrushaji wa kupumulia: akiwavumilia wawili wa kwanza, wa tatu naye anakuja na kasi ileile. Daraja la pili la kaunti lina warushaji ambao hata mimi… basi, nisijisifu.

Ila mipira wanayotumia haifanani. Mpira wa Uingereza, aina ya Dukes, mshono wake umeinuka na haufi upesi. Aprili, uwanja ukiwa na unyevu, hata mrushaji wa mwendo wa kati anawatoa wapigaji. Ule wa Australia, Kookaburra, hulainika mapema, kisha anayetegemea mshono peke yake anaumbuka. Vijana hunirushia klipu ya 2021: Darren Stevens wa Kent, mzee wa miaka 45, akimtoa Marnus Labuschagne, mpigaji wa Australia aliyekuwa akichezea Glamorgan, kwa mikimbio 11. Eti huo ni ushahidi kwamba kaunti ni dhaifu. Mechi hiyohiyo mzee akapiga mikimbio 190! Lakini Labuschagne huyo, mwaka 2019, alikusanya zaidi ya mikimbio 1,100 akiwa Glamorgan, tena daraja la pili, na mwaka huohuo akaingia kwenye Ashes, mfululizo wa Australia na Uingereza, kuchukua nafasi ya mpigaji mwenzake Steve Smith aliyeumia, akang'ara. Kama kaunti haimfunzi mtu, yeye alijifunzia wapi?

Kwa ugumu, mechi kwa mechi, naipa Shield. Daraja la kwanza la kaunti liko karibu nayo, la pili liko mbali. Kwa raha ya kutazama naipa kaunti, bila kufikiria mara mbili. Wazee wameudhika na nusu ya kwanza ya jibu, vijana na ya pili. Alamu ya simu nimebakiza ya Perth peke yake.