Fluti na rekoda bila kupuliza: sikiliza vidole

Karibuni jamani. Leo sipulizi. Vaeni hedifoni, maana spika ya simu itaimeza sauti ninayotaka muisikie.

Mezani nina fluti mbili za wanafunzi na rekoda mbili. Rekoda ndogo ni Yamaha YRS-24B, ya plastiki, sauti ya kwanza (soprano). Wazazi wa Kenya mmeshanunua za aina hiyo kwa ajili ya masomo ya mtaala wa CBC. Kubwa ni ya mbao, sauti ya tatu (tenor).

Tuanze na fluti. Nashika D ya chini, kisha kidole cha pete cha mkono wa kushoto kinapiga kitufe cha G. Po! Umeisikia? Ina noti ndani yake. Pedi, kile kifuniko laini chini ya kitufe, inapoziba tundu kwa ghafla inaisukuma hewa ya bombani, na bomba lote linalia, kama tone la maji mtungini. Sasa naziba tundu la kupulizia kwa midomo, vidole vilevile. Po! Imeshuka karibu oktava, imepungukiwa nusu toni tu. Bomba lilikuwa wazi ncha zote mbili, sasa limezibwa upande mmoja. Kwa hiyo kwa vidole vilevile una noti mbili, na hapo hujatoa pumzi. Anayetengeneza midundo atanielewa.

Si mchezo wa juzi huu. Mtunzi Edgard Varèse aliuandika mwaka 1936 katika Density 21.5, kazi ya fluti peke yake aliyomtungia Georges Barrère, aliyekuwa na fluti ya platinamu. Noti za kugonga aliziwekea alama ya kujumlisha. Ila pale mpigaji anapuliza taratibu huku akigonga, hagongi tu.

Fluti ya pili. Sikiliza... tap. Noti iko wapi? Hii pedi haizibi vizuri, hewa inavuja. Na hapa, kitufe kinapopanda, kuna kale ka-cheng'e ka chuma: kipande cha koki, ile ya vizibo vya chupa, au cha felti kimechakaa, chuma kinagusa chuma. Muuzaji akikupigia wimbo mtamu dukani hutayajua haya, kwa sababu pumzi yenye nguvu na vidole vinavyobana hufunika mengi. Omba uishike mwenyewe, usipulize, gonga kitufe kimoja kimoja ukishuka kutoka juu. Mlio ukipotea ghafla mahali, tatizo linaanzia hapo au karibu na hapo. Mimi hii siinunui mpaka bei ya fundi itoke kwenye bei yake.

Rekoda haina pedi, nyama ya kidole ndiyo pedi. Ile Yamaha, nikishika G na kugonga kwa kidole cha pete cha kushoto, inatoa kamlio kembamba, safi, lakini kadogo mno. Nyumbani kwenye feni hukasikii. Kwa kazi hii haifai bila maiki, japo kwa kupuliza siwezi kuilaumu hata kidogo. Ile kubwa ya mbao, haya, sikiliza: bomba refu, matundu mapana, sauti ina tumbo. Nikifunika dirisha lake, lile tundu la mstatili karibu na pa kupulizia, kwa kiganja, mlio unashuka zaidi. Tundu lake la chini lina kitufe, nacho kinagonga kwa nguvu kuliko vidole, hadi kinaudhi kwenye nyimbo za polepole. Tone la mafuta ya vitufe kwenye ekseli husaidia. Mafuta ya kupikia, hapana, tafadhali.

Maiki msiiweke mdomoni mlivyozoea. Isogezeni usawa wa mkono wa kushoto, shibiri moja hivi, na zimeni feni.

Nikipewa hela ya kununua kimoja kwa ajili ya midundo, nachukua fluti ya kwanza, bila kufikiri. Ya kufurahia mwenyewe sebuleni, hiyo rekoda ya mbao.