Kipimo cha uzito wa sindano ya santuri: tazama kimo kabla ya desimali

Nimetumia vipimo viwili vya kujua sindano inakandamiza santuri kwa gramu ngapi: Shure SFG-2, ile mizani ndogo ya bembea yenye kioo, na kimoja cha kidijitali kinachoonyesha hadi gramu 0.01. Ya bembea hupima kuanzia gramu 0.5 hadi 3, haili betri, na kwa katriji (kile kichwa kinachobeba sindano) kama Ortofon 2M Red, inayotaka 1.8 na kuvumilia 1.6 hadi 2.0, inatosha kabisa. Kasoro yake ni kwamba usawa unaukadiria kwa jicho.

Siku hizi natumia zaidi cha kidijitali, ila desimali zile zisikudanganye. La kwanza kutazama ni kimo cha kisahani chake. Sindano ipimwe pale inapochezea, yaani kwenye usawa wa uso wa santuri, milimita 2 hivi juu ya mkeka wa sahani inayozunguka. Mizani za masonara husimama juu sana. Kwenye mikono mingi inayobeba katriji, jiwe la nyuma la kusawazishia linaning'inia chini ya egemeo, kwa hiyo mkono ukiinuliwa hukandamiza zaidi: kipimo kinasoma 2.0, kumbe kwenye santuri ni pungufu. Na upungufu ndio mbaya kuliko kuzidisha kidogo, maana sindano nyepesi hurukaruka ndani ya mfuo na kuutafuna. Dalili yake ni herufi "s" kukwaruza, hasa nyimbo za mwisho karibu na lebo.

La pili ni sumaku. Kisahani cha chuma huvutwa na katriji yenye sumaku kali, Denon DL-103 kwa mfano, na namba inaweza kupotoka. Pitisha kisumaku kidogo juu yake bila kugusa. Namba ikicheza, kirudishe dukani.

Kupima kwenyewe ni dakika mbili. Zima mota, antiskeiti (nguvu inayouzuia mkono usivutwe kuelekea katikati) weka 0, kipimo kikae juu ya sahani inayozunguka, pasipo mteremko. Kiwashe, kisome 0.00, kisha shusha sindano kwa wenzo, usiishushe kwa kidole, iangukie kwenye alama yenyewe. Ikikaa pembeni ya alama, jibu hubadilika. Rudia mara tatu. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya 0.03, kuna kitu kinagusa, mara nyingi waya wa mkono au ukingo wa katriji. Zungusha jiwe la nyuma kidogo kidogo hadi upate uzito unaotakiwa na katriji, kisha rudisha antiskeiti.

Jiwe la kuhakikia la gramu 5 linalokuja na kipimo linathibitisha gramu 5 tu. Tafuta la gramu 2, maana huko ndiko unakofanyia kazi. Betri ikichoka, namba huanza kutembea yenyewe hata kisahani kikiwa kitupu.

Na karatasi ya katriji ikiandika 18 mN (milinyutoni, kipimo cha nguvu), soma gramu 1.8.