Miaka mitatu ya usiku wa gitaa kavu unaoendeshwa na watu wa kujitolea: uzoefu wangu

Ninachotathmini hapa si spika wala gitaa. Ni mpango mzima ambao nimeushika kwa miaka 3 sasa: usiku mmoja kila mwezi, ukumbi wa viti 60, wasanii 8 wanaopokezana, maiki 2, spika 1, na watu 7 wa kujitolea ambao hakuna hata mmoja anayelipwa. Muziki ni wa gitaa kavu, yaani lile lisilotegemea umeme kutoa sauti, na sauti ya mtu, mara mojamoja fidla au ngoma ya mkono. Kiingilio ni hiari. Ningeupa nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja iliyobaki nitaieleza.

Kama umekuja kutafuta ushauri wa vifaa, nitafika huko. Lakini kitu kilichokaribia kutuvunja usiku wa kwanza kilikuwa mlango.

Ulikuwa mlango wa mbao wenye bawaba kavu, nao ulikuwa upande uleule wa jukwaa. Msanii wa tatu alianza wimbo wa taratibu, wa kudonoa nyuzi mojamoja kwa vidole. Mlango ukafunguka. Watu wote wakageuza shingo. Ukafungwa kwa kishindo, kisha ukafunguka tena. Nilihesabu mara 4 ndani ya wimbo mmoja. Gitaa kavu halina pa kujificha: uzi ukishadonolewa sauti yake inaanza kufa palepale, na ile sehemu ya mwisho, ambayo ndiyo tamu, ni ndogo kuliko mlio wa kiti kinachoburutwa. Yule msanii alimaliza, akanishukuru kwa adabu, na hakurudi tena. Simlaumu.

Mwezi uliofuata tulitia mafuta bawaba, tukagandisha vipande vya zulia kuuzunguka ubao wa fremu, na mtu mmoja akapewa kazi moja tu: kushika mlango. Anayechelewa anasubiri nje hadi wimbo uishe, kisha anaingia na kukaa kwenye kiti cha nyuma kilichoachwa wazi makusudi kwa ajili yake. Basi. Hatukununua chochote zaidi ya mafuta kidogo, na ukumbi ukawa ukumbi mwingine. Tangu hapo, mtu akiniuliza ni mfanyakazi gani wa kujitolea amtafute kwanza, simtaji fundi mitambo. Namtaja wa mlangoni.

Hili si jambo nililolibuni. Bluebird Cafe ya Nashville, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1982, ni chumba kisichofika viti 100, na moja ya sifa zake kubwa ni kwamba wageni wanaombwa wanyamaze wasikilize. Watunzi wa nyimbo wanaipenda kwa sababu hiyo. Chumba kidogo chenye masikio kinampa mtunzi kitu ambacho uwanja mzima hauwezi kumpa.

Adui wa pili alikuwa friji. Lilikuwa nyuma ya kaunta, likinguruma kwa sauti ya chini ambayo huisikii mpaka izimike. Tulianza kulichomoa kabla ya wimbo wa kwanza, na mwezi wa pili tukasahau kulirudisha. Asubuhi yake tulikuta kila kitu kimeharibika, ikabidi tuombe radhi na kulipa. Sasa anayelichomoa anaacha funguo zake za nyumbani ndani ya friji hilohilo. Hawezi kwenda kulala bila kulifungua, na akilifungua anakumbuka. Mbinu hii wanaitumia sana mafundi wa sauti kwenye filamu, nami naipendekeza kwa moyo wote.

Sasa vifaa. Miezi miwili ya mwanzo tulipiga bila umeme kabisa, na ningemshauri kila anayeanza afanye hivyo. Utakijua chumba chako. Piga kofi moja katikati ya ukumbi mtupu, usikilize mwangwi unavyorudi kutoka kwenye kuta. Kisha ujue kwamba watu wakijaa, miili na nguo zao zitameza sehemu kubwa ya mwangwi huo, kwa hiyo ulichokisikia saa kumi na moja jioni sicho utakachokisikia saa mbili usiku. Tulipotundika mablanketi mawili mazito kwenye ukuta wa nyuma, maneno ya nyimbo yakaanza kueleweka hadi safu ya mwisho.

Tatizo lilikuwa waimbaji wenye sauti ndogo. Gitaa liliwafunika. Hapo ndipo tulipopata maiki ya kwanza, kisha spika moja yenye miksa ndogo ndani yake, yaani kifaa cha kuchanganya na kurekebisha sauti. Tulichagua maiki ya dainamiki, ile ya kawaida ya jukwaani, inayosikia zaidi mbele na kupuuza kinachotoka nyuma yake. Haihitaji umeme wa volti 48 kama maiki za kondensa, na ikianguka huwa haifi. Zile za kondensa husikia kwa undani mzuri, ila katika chumba kidogo zinasikia pia kikohozi, mvua, na spika yenyewe.

Ule mluzi unaotoboa masikio hutokea pale sauti inapotoka kwenye spika, ikaingia tena kwenye maiki, ikakuzwa, ikatoka, ikaingia tena. Mtu asiyejua hukimbilia vitufe. Mara nyingi dawa ni miguu: sogeza spika mbele ya mstari wa maiki, igeuze iwatazame wasikilizaji, kisha mwambie mwimbaji asogee karibu. Karibu kweli, upana wa vidole vitatu au vinne. Umbali kati ya mdomo na maiki ukiongezeka mara mbili, kiwango cha sauti inayofika hushuka kwa takriban desibeli 6, na fundi atalazimika kuongeza, na akiongeza mluzi unarudi. Nimewaona waimbaji wazuri wakirudi nyuma kwa aibu, na kila hatua wanayorudi inawaumiza wenyewe.

Kwa vikundi vya watu watatu au wanne tuliacha kabisa kumpa kila mtu maiki yake. Wanasimama nusu duara mbele ya maiki moja, na anayeimba shairi lake anasogea, akimaliza anarudi nyuma. Bendi za bluegrass, muziki wa Marekani wa ala za nyuzi, zilifanya hivyo redioni tangu enzi ambapo maiki moja ndiyo ilikuwapo, na mpaka leo wapo wanaofanya hivyo kwa kupenda. Wanamuziki wanalazimika kusikilizana, na wao wenyewe ndio wanaopanga nani asikike zaidi. Kwangu huu ndio mpangilio mzuri kuliko wote.

Magitaa yenye kifaa cha ndani cha kunasa mlio wa nyuzi kwa kawaida yanahitaji kiboksi cha DI, kinachorekebisha mawimbi ya umeme ya gitaa ili yaunganishwe vizuri na miksa, na mengi yanahitaji betri, mara nyingi ya volti 9. Katika mengi ya hayo, betri huanza kutumika mara tu waya unapochomekwa, hata kama hakuna anayepiga. Tulilijifunza hilo katikati ya wimbo: sauti ilianza kukwaruza, ikapungua, ikapotea. Dada aliyekuwa akipiga hakusimama. Alichomoa waya, akashuka jukwaani, akaendelea kuimba katikati ya viti, na ukumbi ulinyamaza kiasi kwamba nilisikia kucha yake ikigusa uzi. Tangu siku hiyo tuna betri mbili mpya ndani ya kopo, na mtu wa jukwaa anachomoa kila waya msanii anaposhuka.

Katika kopo hilo pia kuna seti ya nyuzi, kapo (kibanio cha kwenye shingo ya gitaa kinachopandisha sauti ya nyuzi), na kipima nyuzi cha kubana kwenye kichwa cha gitaa. Hicho cha mwisho ni kidogo kuliko kiberiti, lakini kimeokoa muda mwingi kuliko kifaa kingine chochote tulichonacho. Kinahisi mtetemo wa mbao badala ya sauti ya chumba, kwa hiyo msanii anatiuni gitaa pembeni wakati mwenzake bado anaimba, bila kumsumbua mtu. Wote tunatumia kipimo kimoja, noti ya A ya hezi 440, ili wakiamua kupiga pamoja wasianze kubishana.

Muda nao una hesabu yake. Wasanii 8, kila mmoja dakika 12, ni dakika 96 za muziki. Kati yao kuna mapokezano 7. Kila pokezano likichukua dakika 10, unaongeza dakika 70, na wasikilizaji wanaanza kuaga. Likichukua dakika 4, unaongeza 28 tu. Hizo dakika 42 ndizo zinazoamua kama msanii wa mwisho ataimbia watu au ataimbia viti. Nasi tulikuwa tukimwachia nafasi hiyo ya mwisho kijana mgeni asiyejulikana, jambo ambalo sasa naliona ni la kumwonea. Leo wageni wanaimba wa tatu na wa nne, watu wakiwa wameshatulia na bado hawajachoka, na wa mwisho ni mtu mzoefu anayejua kuushika ukumbi.

Kuhusu watu wa kujitolea, kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole saba visivyojua kazi zao navyo havivunji. Mwaka wa kwanza fundi mitambo wetu alikuwa mmoja, naye ndiye pekee aliyeijua miksa. Akaugua siku ya onyesho. Tulisimama mbele ya vile vitufe tukitazamana. Alipopona tulikaa naye jioni moja, tukabandika utepe mweupe chini ya kila kitufe, tukaandika jina la kazi yake na kuchora kistari pale kinapotakiwa kuanzia. Sasa watu watatu wanaweza kuiwasha na kuiendesha. Kila kazi ina karatasi yake moja, yenye mistari isiyozidi 8, na kila mwezi mgeni mmoja anakaa ubavuni mwa mkongwe bila kubeba jukumu lolote, anatazama tu. Wengi wao mwezi unaofuata wanaomba kazi wenyewe.

Tunawapa pia ruhusa ya kupumzika bila kujieleza. Anayejitolea akianza kuona haya kusema "mwezi huu siwezi", huyo umeshampoteza, ila bado hajakwambia.

Fedha ni za kisanduku cha michango karibu na mlango. Kinahesabiwa na watu wawili usiku uleule, na kiasi kinaandikwa kwenye daftari ambalo yeyote anaweza kulifungua. Kwanza tunalipa ukumbi, kisha nauli za wasanii, kisha nyuzi na betri. Sikubaliani na wale wanaomwambia msanii kwamba malipo yake ni kujulikana. Hata kikibaki kidogo, anapewa mkononi, kwa heshima, na anaambiwa wazi kilichopatikana.

Na usiziruke haki za watunzi. Onyesho likiwa wazi kwa umma, katika nchi nyingi nyimbo za watu wengine zinahitaji kibali, kwa kawaida kupitia chama kinachosimamia haki hizo, na anayeandaa ndiye mara nyingi anayeulizwa. Mkataba wa Berne, ambao asili yake ni mwaka 1886, unaweka kima cha chini cha ulinzi kuwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimezidisha hapo. Sisi tunamwomba kila msanii aandike orodha ya nyimbo zake wiki moja kabla. Orodha hiyo imetusaidia pia kugundua mapema kwamba watu watatu walipanga kuimba wimbo uleule.

Nyota iliyobaki? Uchovu. Kazi ya kupiga simu, kukumbusha, kupanga, kutafuta mbadala wa msanii anayejitoa siku moja kabla, yote ilibaki kwangu kwa miaka miwili kwa sababu haikuonekana kama kazi. Hakuna kiti wala waya wa kubeba, kwa hiyo hakuna aliyejitokeza kuibeba, nami sikuomba kusaidiwa. Sasa tumeigawa: mmoja anashughulikia wasanii, mwingine watu wa kujitolea, mimi ukumbi. Tungefanya hivyo mwezi wa kwanza, mwaka wa pili ningeufurahia zaidi.

Mwezi uliopita mzee wetu wa mlangoni alisafiri, nikaomba nishike nafasi yake. Alinipa maelekezo kwa simu. Nilidhani ni kusikiliza wimbo ukiisha, basi unafungua. Akasema hapana, ukiwa nje utasikia muziki kama uko chini ya mto wa kulalia, na utadanganyika, maana wapo wanaonyamazisha nyuzi katikati ya wimbo kisha wakaendelea. Usifungue nyuzi zikinyamaza, akasema. Subiri makofi. Na makofi yakianza bado usifungue, mwache msanii ayapokee. Yakianza kupungua, hapo ndipo, taratibu, kwa mikono miwili, na kitasa ukishike mpaka mwisho. Nilisimama pale na wageni wanne wakinisubiri, kiganja kikiwa kwenye kitasa, nikisikiliza makofi yakipungua.