Paneli ya maji moto ya fundi wa mtaani: chuma poa, rangi ndo iliniponza

Nina vyumba vinne vya wageni hapa Mtwara mjini na luku ilikuwa inanimaliza kwa ajili ya hita za bafuni, nikampa fundi mmoja wa kuchomelea anitengenezee paneli ya jua. Kwenye kuchomelea simdai kitu aisee, mabomba ya kopa kayabana na bati vizuri, kioo juu, boksi halivuji.

Shida rangi. Kachukua ile nyeusi ya mafuta ya kupakia mageti, kapiga mikono mitatu mizito juu ya bati ambalo hata msasa halijaona, namuuliza ananambia "bosi, nyeusi ni nyeusi tu". Wiki za mwanzo maji yalichemka kweli, alafu ikaanza kubanduka kama lile ganda jembamba la korosho iliyokaangwa, ukigusa linabaki kidoleni, chini kutu maana chumvi ya bahari huku haikuachi, na mafuta ya rangi yalivyopata joto yakapanda yakaganda kwenye kioo kwa ndani ukungu mtupu. Saa tisa mchana maji vuguvugu ya kumuogeshea mtoto mchanga!

Nikamrudisha. Tukakwangua yote, msasa, tukafuta na tina, safari hii sprei nyeusi isiyong'aa ile ya ekzosi za bodaboda inayostahimili moto, mikono miwili myembamba tu, maana rangi ikiwa nene inakuwa blanketi, joto halifiki kwenye bomba. Sa hivi mgeni lazima achanganye na ya baridi.

Ila tusidanganyane, hii sio sawa na za kiwandani. Rangi ya kawaida inanyonya jua kama asilimia 95 lakini ikishapata moto inautoa huohuo kwa kasi, kwenye kutoa nako iko kama 90. Zile za kiwandani zenye krome nyeusi (utando mwembamba wa chuma badala ya rangi) zinanyonya karibu sawa na hiyo ila kwenye kutoa ziko kama 10 tu, ndo maana bei imechangamka. Dada yangu yuko Newala, kule juu mwezi wa saba baridi inauma, yeye nimemwambia ajikaze anunue ya kiwandani. Mimi wa huku chini kwa maji ya kuoga tu sioni sababu.

Nyota tatu kati ya tano. Ingekuwa nne, ila hela ya sprei kanilipisha mimi.