Tahadhari: "rangi ya poda" ya huyu fundi ni spreyi ya kopo

Ndugu zangu mnaojiundia kompyuta, someni hii kabla hamjamkabidhi mtu kasha lenu. Kuna fundi anajitangaza mtandaoni kwamba anapiga makasha ya kompyuta rangi ya poda, ile ya kuchomwa kwenye oveni. Nilimpa langu, nikamlipa pesa yote mapema (ndiyo, najua), akanirudishia kasha lililopulizwa spreyi. Jina lake silitaji, maana tangu tuanze kuvutana ameshabadilisha jina la akaunti mara mbili. Bora niwaonyeshe mwendo wake, huo habadilishi.

Kwanza niseme haki: kasha liliporudi lilipendeza. Nyeusi isiyong'aa, imetulia, hata picha nilipiga nikawatumia rafiki zangu. Siku ya nne nikawa napitisha waya nyuma ya madabodi (ile bodi kuu ya kompyuta), kucha ikagusa ukingo wa bati. Rangi ikabanduka. Haikukwaruzika, ilibanduka, kipande kama ganda la kitunguu, kikajikunja chenyewe kwenye kidole. Chini yake nikaiona rangi ya zamani ya kiwandani iking'aa kama siku niliyonunua. Hata msasa haijaguswa!

Hapo ndipo nikaanza kulikagua kwa tochi. Ile mipira inayozunguka matundu ya kupitishia waya ilikuwa ya kijivu. Sasa ni nyeusi, na bado imo mle mle kwenye matundu yake. Vibanio vya plastiki vya diski navyo vyeusi. Nyuma kuna stika ya karatasi yenye namba ya kasha: nyeupe safi, pembeni ina mstari wa rangi pale gundi ya karatasi ilipoishia. Nikacheka peke yangu kwa uchungu.

Kwa nini hivyo vitu vitatu vinamuumbua? Rangi ya poda ni unga mkavu. Bunduki yake inaupa unga chaji ya umeme, kasha lenyewe linaunganishwa na ethi (waya wa kwenda ardhini), unga unavutwa na kung'ang'ania bati. Kisha kasha linaingia oveni, kwa kawaida nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, na chuma chenyewe kikishafika joto hilo kinakaa humo dakika 10 hadi 20 hivi, mpaka unga uyeyuke, utambae na kuwa ngozi moja ngumu. Plastiki ya ABS, ambayo ndiyo imejaa kwenye makasha yetu, inaanza kulegea kwenye nyuzi 105 hivi. Sasa niambie, vibanio vyangu vilipita kwenye oveni gani vikatoka vimenyooka? Na karatasi ikatoka bila hata kugeuka kahawia?

Nilimuuliza. Akasema anatumia "poda ya baridi". Ipo poda inayoiva kwa joto dogo kuliko ya kawaida, lakini nayo inataka joto, na hakuna fundi mwenye akili atakayeipulizia juu ya mpira na stika. Nikamwomba anitumie picha ya oveni yake, picha moja tu. Akasema oveni ni siri ya kazi. Siku ya pili akasema iko kwa mwenzake. Ya tatu akanifungia nisiweze kumtumia ujumbe.

Mwendo wake uko hivi. Anaahidi kukurudishia kasha kwa siku moja au mbili. Anasema "leta lilivyo, usijisumbue kufungua kitu", na hili ndilo lingenishtua kama ningekuwa na akili siku ile. Kazi yenyewe inaanza kwa kuvua kila kitu: kioo, feni, vitufe, nyaya za mbele, miguu ya mpira, vichujio vya vumbi. Makasha mengi yameshikwa kwa ribiti, vile vipini vya chuma visivyofunguka kwa bisibisi, kwa hiyo fundi wa kweli anazitoboa kwa drili, anatenganisha mabati, akimaliza anapiga ribiti mpya. Asipotenganisha, unga haufiki vizuri kwenye pembe za ndani, kwa sababu chaji inakimbilia kingo za karibu na kuacha kona wazi. Kisha kuna kutoa grisi na kuondoa rangi ya zamani, ama kwa dawa ama kwa mchanga wa presha, na mchanga nao unataka mkono mwepesi maana bati la kasha ni jembamba, likipigwa kwa nguvu linapinda. Nani anamaliza yote hayo kwa siku moja kwa kila mteja?

Jambo jingine ni skrubu. Ngozi ya poda huwa nene, mara nyingi maikroni 60 hadi 120 (maikroni elfu moja ni milimita moja), kwa hiyo anayejua kazi atakuuliza mwenyewe matundu gani ya skrubu azibe kwa vizibo vya silikoni, na sehemu gani ziachwe bati tupu ili madabodi ipate ethi kupitia vinguzo vyake, vile viguu vya chuma inavyofungwa juu yake. Huyu hakuniuliza swali hata moja zaidi ya "rangi gani?" na "umeshatuma?"

Picha zake za kazi pia zitazameni vizuri. Zote ni makasha yaliyokwisha kuunganishwa, yana taa ndani, yanapendeza. Hakuna hata moja ya bati tupu linaloning'inia kwenye ndoano, wala ya kasha lililofunguliwa vipande, wala ya oveni. Mtu anayefanya kazi hii kila siku simu yake imejaa picha mbovu za mabati yenye vumbi.

Kwa mliokwisha kupokea makasha yenu kutoka kwake: chukueni pamba, itieni thina au asetoni (hata dawa ya kutoa rangi ya kucha yenye asetoni inatosha), msugue mahali pasipoonekana, kama sehemu ya chini. Langu pamba ilitoka nyeusi tii na bati likabaki na alama. Poda iliyoiva vizuri haitoki hivyo kwa kusuguliwa mara chache. Labda itafifia mng'ao kidogo. Ila msitegemee pamba peke yake, kwa sababu rangi ya magari iliyochanganywa hadena (dawa ya kuikaza rangi) nayo huvumilia thina. Mipira na stika ndiyo mashahidi wazuri zaidi.

Spreyi si dhambi, wala siidharau. Ikipigwa praima, bati likisuguliwa kwanza, inadumu vizuri na unaweza kuipiga mwenyewe uani. Shida yangu ni kulipia oveni ambayo haikuwashwa.

Kama kasha lako liko kwake muda huu, usisubiri limalizwe. Lifuate likiwa bado na rangi yake ya zamani, na ukifika hesabu skrubu zake kabla hujaondoka. Zangu zilirudi pungufu nne.