Geji tatu kwenye gari la tabo: bosti, presha ya oili na AEM X-Series

Nimezitumia vya kutosha sasa naweza kusema kitu. Ya bosti (presha ya hewa ambayo tabo, yaani turbo, inaisukuma kwenye injini) ni ya paipu, isiyotumia umeme zaidi ya taa, presha ya oili ni ya sensa, na ya kupima hewa na mafuta ni AEM X-Series. Zote milimita 52, za 60 zinapendeza ukiziangalia ila kwenye gari dogo zinakula nafasi na zinakuziba usione pembeni.

Watu wengi wakishafunga tabo geji wanayokimbilia ni ya bosti, maana mshale ukipanda raha. Mi ukiniambia nichague moja tu nachukua presha ya oili. Tabo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika na inategemea oili hiyo hiyo ya injini, afu ile taa nyekundu ya kiwandani huwa haiwaki mpaka presha ishuke chini kabisa, psi 5 hivi, yaani inakuletea taarifa ya msiba siyo ya ugonjwa. Na mshale wa joto la maji kwenye gari nyingi wameutengeneza ukae katikati tu, injini iwe nyuzi 80 au 100 we unaona kila kitu shwari.

Kampuni ya hii ya oili siitaji ila ndo iliyonisumbua. Usiku taa yake inakupiga machoni hata ukiunganisha waya wa taa ndogo, na nilipoilinganisha na geji ya fundi ya kupimia haikukubaliana nayo, hasa injini ikipata moto. Geji inayodanganya bora usiwe nayo kabisa, unaweza ukafungua injini nzima ya watu bure! Kipimo cha mafundi wengi ni psi 10 kwa kila rpm 1000 (mizunguko ya injini kwa dakika) injini ikiwa ya moto, asubuhi ikiwa baridi itasoma juu sana hiyo kawaida.

Kwenye kufunga sasa hapo ndo kuna mambo. Sensa nyingi zina nyuzi (zile za skrubu) za NPT 1/8, na injini nyingi za Kijapani tundu lake ni BSPT 1/8, ni aina mbili tofauti za nyuzi. Ukiziangalia kwa macho ni mapacha, inaingia mizunguko ya kwanza vizuri tu afu inakaza, fundi asiyejua anaongeza nguvu na bloku la aluminiamu linapata ufa, kwa hiyo tafuta adapta yake mapema. Pia sensa nzito usiining'inize kwenye tii ya shaba juu ya injini, mtikisiko utaikata siku moja na oili yote imwagike barabarani. Mi imekaa kwenye sahani inayoingia kati ya bloku na filta ya oili, safi kabisa. Na kama sensa yako ni ya waya mmoja inapata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi) kupitia mwili wake, sasa mtu akizungusha tepu nyeupe kama anafunga bomba la maji, ethi inapotea na mshale unaanza kucheza wenyewe.

Bosti haina shida, paipu inatoka kwenye manifoldi baada ya throto, siyo kwenye bomba la intakula (kipoza hewa ya tabo), ukichukua huko hutaona vakyumu, ule mvuto wa injini, hata siku moja na vakyumu ndo inakuambia afya ya injini (imesimama inaunguruma, inchi 18 mpaka 20 za zebaki ni nzuri kwa injini nyingi). Bana viungo vizuri, pakivuja injini inavuta hewa isiyopimwa na mngurumo unayumba. Paipu ya hewa kuingia ndani ya gari sina neno nayo, ila geji za oili za paipu hapana, oili ya moto ikipasukia miguuni unaendesha utaenda wapi?

AEM ndo niliyoipenda zaidi. Inatumia sensa ya Bosch LSU 4.9, huhitaji kuitoa nje kwenye hewa safi ili kuiseti, unachomelea kile kikombe cha kufungia sensa kwenye bomba la moshi basi. Kaa nayo mbali kidogo na tabo, nusu mita au zaidi, upande wa juu wa bomba sensa ikiwa imeinama ili maji ya asubuhi yasikae ndani yake. Hita yake inakula umeme kwa hiyo ipe fyuzi yake na ethi nzuri, siyo kuiba kwenye waya wa redio. Na usiiache bombani injini inawaka huku umeichomoa umeme, masizi yataiua. Namba zenyewe kubwa zinasomeka hata mchana: kwa petroli ukitembea taratibu inazunguka 14.7 (uzito wa hewa kwa kila moja ya mafuta, namba ikishuka mafuta yamezidi), ukikanyaga na bosti ikapanda inatakiwa ishuke 11 na kitu mpaka 12. Ukiona 13 na bosti imejaa toa mguu hapo hapo, pistoni hazisubiri.

Kwa hiyo AEM nampa tano kwa tano, bosti nne, ile ya oili mbili na inatoka. Ile sahani ya filta ina tundu la pili bado limezibwa, nikibadilisha geji nitaweka na sensa ya joto la oili humo humo.