Kurudia S.6, HEC au diploma ya utabibu: ipi inakufikisha kitivo cha tiba Uganda?

Aliyekosa alama za MBChB (digrii ya udaktari) baada ya S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, anauziwa njia tatu: kuukalia upya mtihani wa UACE, ule wa kumaliza S.6, kusoma mwaka mmoja wa Cheti cha Elimu ya Juu (HEC), au kuchukua diploma ya miaka mitatu ya utabibu na afya ya jamii. Vipeperushi vya zote tatu vinaahidi jambo moja, kwamba mlango wa digrii utafunguka. Hapa tunazipima kwa maswali mawili. Je, ofisi ya udahili ya kitivo cha tiba itaipokea karatasi yako? Isipoipokea, utabaki na nini mkononi?

Tuanze na kurudia S.6, njia ambayo wazazi wengi huiona ni aibu wakati ndiyo nafuu kuliko zote. Fanya hesabu kabla ya kuidharau. Kwa mfumo ambao vyuo vya umma vimeutumia miaka mingi, A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2. Kwa udaktari, biolojia na kemia ni masomo ya lazima na pointi zake huzidishwa kwa 3. Somo la tatu, fizikia kwa wengi, huzidishwa kwa 2. Jenero pepa (mtihani wa maarifa ya jumla) na hesabu ndogo au ICT huleta pointi 1 kila moja. Mwenye B ya biolojia, C ya kemia na C ya fizikia ana 15, 12 na 8, pamoja na 2 za masomo madogo: jumla 37, kabla ya desimali za O-level (sehemu za pointi zinazotokana na matokeo ya UCE, mtihani wa S.4) na zile 1.5 ambazo Makerere huwaongezea wasichana. Kemia ikipanda kutoka C hadi A, amepata 6 zaidi. Fizikia ikipanda vilevile, amepata 4 tu. Kwa hiyo anayerudia na kugawa saa zake sawasawa kwa masomo yote anapoteza mwaka. Saa nyingi ziende kwenye kemia na biolojia.

Kinachowaangusha warudiaji ni vitendo. Pepa ya 3 ya biolojia, kemia na fizikia hufanyiwa maabara, na kituo cha bei rahisi kisicho na vitendanishi vya kutosha kitakuacha ukisoma titresheni kwenye daftari hadi wiki ya mtihani. Kabla ya kujiandikisha, omba kuiona maabara na uulize ni mara ngapi kwa wiki watahiniwa wa nje wanaruhusiwa kuingia. Jambo la pili: usitegemee kuchanganya matokeo. Prinsipo (ufaulu wa A hadi E katika somo kuu) mbili za kuingilia digrii zinatakiwa zipatikane katika mtihani wa mwaka mmoja, kwa hiyo anayepandisha kemia huku biolojia ikishuka hajasogea. Na kwa kuwa wanafunzi wa S.5 wa 2025 walianza na mtaala uliorekebishwa, mwulize mkuu wa kituo mtihani utakaoukalia unafuata mtaala upi kabla hujanunua madaftari ya mtu aliyetangulia.

Njia hii inamfaa aliyekosa kwa pointi chache. Aliyepata E mbili na F asijidanganye kwamba mwaka mmoja utamgeuza.

HEC ni bidhaa nzuri inayouzwa kwa watu wasio wake. Iliwekwa kwa ajili ya mwenye prinsipo moja na sabsidiari (ufaulu wa chini ya prinsipo) mbili ambaye hana sifa ya kuingia digrii moja kwa moja. Husomwa mwaka mmoja, mihula miwili, kwa michepuo: sayansi za kibiolojia, sayansi za kifizikia, na sanaa. Husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu (NCHE), lakini mitihani hutungwa na kusahihishwa na chuo kinachofundisha, na hapo ndipo shida inapoanza. Alama ya juu kutoka chuo kimoja haina uzito uleule mbele ya chuo kingine, na kitivo cha tiba chenye waombaji wengi wenye A za UNEB, bodi ya taifa ya mitihani, hakina sababu ya kuhangaika nayo. Anayetaka digrii nyingine ya sayansi aichukue HEC bila wasiwasi. Anayetaka MBChB asilipe hata shilingi moja kabla hajapata barua au barua pepe kutoka ofisi ya udahili ya kitivo anachokilenga, ikisema wazi kwamba wanapokea HEC ya chuo hicho, kwa mchepuo huo, kwa kozi ya udaktari. Neno la karani wa mapokezi kwamba "wengi wamepita hapa" si jibu. Ukikataliwa, cheti hiki peke yake hakikupi leseni ya kazi yoyote hospitalini.

Walio na KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari wa Kenya, ndio huangukia mtego huu mara nyingi. Hatua yao ya kwanza ni kupeleka matokeo UNEB yalinganishwe na ya Uganda. Kulipia muhula kuje baada ya hapo.

Sasa diploma ya utabibu na afya ya jamii, ambayo kwa maoni yetu ndiyo ngazi imara kuliko zote, ingawa ni ndefu. Miaka mitatu, mihula sita. Unaanza na anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia, kisha unaingia wodini: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi, pamoja na kazi za afya vijijini. Vyuo vya serikali vya Fort Portal, Gulu na Mbale vina jina la miaka mingi katika kazi hii. Mtihani wa mwisho hautungwi na chuo bali na bodi ya taifa. Zamani ilikuwa UAHEB, na baada ya sheria ya mafunzo ya ufundi ya 2025 kazi hiyo imehamia UHPAB, kwa hiyo usishtuke ukiona majina mawili tofauti kwenye karatasi za waliokutangulia. Mtihani wa bodi moja ndio unaofanya kitivo cha tiba kiweze kumlinganisha mtu wa Gulu na wa Mbale.

Ukishafaulu, unajisajili na Baraza la Wataalamu wa Afya Shirikishi (AHPC), unapata leseni, na unaweza kufanya kazi kama afisa tabibu katika kituo cha afya cha daraja la III, la IV au hospitalini. Hilo ndilo jibu la swali letu la pili. Udahili ukikwama mwaka mmoja au miwili, una mshahara, na kila mgonjwa unayemhoji na kumpima anakuandaa kwa wodi za mwaka wa tatu wa MBChB.

Udhaifu wake ni huu. Kwa kawaida hurukishwi mwaka: unaanza MBChB mwaka wa kwanza, kwa hiyo hesabu mitatu ya diploma, mitano ya digrii na mmoja wa intani (mazoezi ya kazi hospitalini). Miaka tisa, bila ya kungojea. Nafasi za wenye diploma katika vyuo vya umma ni chache, na daraja la diploma yako ndilo linaloamua. Mwenye pasi tupu ana nafasi finyu mno, kwa hiyo ritake (mitihani ya kurudia) za mwaka wa kwanza, ambazo wengi huzichukulia kirahisi, zinaweza kukufungia mlango miaka mitatu baadaye. Tena, diploma hufundisha kutibu kuliko inavyofundisha sayansi ya msingi. Afisa tabibu anayejua kumtibu mtoto mwenye nimonia usiku wa manane bado anaweza kutaabika na biokemia, histolojia na embriolojia. Usigawe madaftari yako ya kemia ya S.6, hasa ya kemia ya kaboni. Yarudie miezi mitatu kabla ya kuripoti chuo kikuu.

Kuhusu gharama, ada iliyo kwenye kipeperushi ni sehemu tu. Zidisha ada ya muhula kwa sita, kisha omba orodha iliyoandikwa ya hivi: ada za shughuli za chuo, ada ya usajili wa mitihani ya bodi, sare na koti jeupe, stetoskopu na mashine ya presha, daftari la kumbukumbu za wodini, na malazi wakati wa mazoezi nje ya chuo. Vyuo vya binafsi hutofautiana sana hapa. Uliza pia wanafunzi hupelekwa hospitali gani na wangapi husimama kwenye kitanda kimoja. Wanafunzi ishirini wakimzunguka mgonjwa mmoja, wa nyuma hajifunzi kusikiliza mapafu. Bodi ya mikopo ya wanafunzi (HESFB) hukopesha ada ya masomo, ada za shughuli za chuo na gharama za utafiti kwa kozi zilizoidhinishwa, lakini chakula na chumba ni juu yako.

Hakikisha kozi yenyewe imeidhinishwa, si chuo tu. Chuo kinaweza kuwa halali na kozi moja ndani yake muda wake umekwisha. Tovuti ya NCHE huorodhesha vyuo vinavyotambuliwa na programu zilizoidhinishwa. Kwa vyuo vya diploma ya afya, uliza namba ya kituo cha mtihani cha bodi, kisha uithibitishe kwa bodi yenyewe. Chuo kisicho na namba yake huwaandikisha wanafunzi kupitia chuo kingine, na matokeo yakicheleweshwa hujui umdai nani.

Tangazo la udahili kwa wenye diploma hutoka peke yake, mbali na la wenye UACE, na wengi hulikosa kwa kusubiri tangazo la jumla. Anza kuomba transkripti mara tu matokeo yanapotoka, kwa sababu karatasi ya matokeo ya muda si kila chuo kinaipokea. Kagua majina yako kwenye UCE, UACE, kitambulisho cha taifa na diploma herufi kwa herufi. Kama moja lina Mohamed na jingine Muhammad, kaape kiapo kwa kamishna wa viapo sasa hivi na ukiambatanishe na ombi, maana siku ya kuthibitisha vyeti foleni ni ndefu na mwenye majina mawili huambiwa arudi baadaye.